Watu wanasikia nini kwenye sauti yako kabla hawajasikia maneno: mwongozo kamili wa kuitengeneza bila kuigiza

Nianze na kilichonitokea mimi. Nilifanya kazi kituo cha simu cha kampuni moja hapa Dar kwa miaka minne, kazi ya kupokea simu za wateja, hedifoni kichwani kuanzia saa moja asubuhi. Mwaka wa pili supavaiza akaniita pembeni akanambia dada, ndani ya wiki moja wateja watatu wamelalamika kwamba una nyodo. Nilishtuka kwasababu mle ndani hakuna aliyekuwa anasema "samahani mama" na "pole baba" kunizidi mimi. Hakubishana, akaniwekea rekodi tu. Kuna mama anauliza hela yake imeenda wapi, na mimi namjibu "samahani sana mama, naomba nikuangalizie", maneno yote mazuri kabisa, lakini ile sauti sasa! Kavu, imebanwa, inatoka kama mtu anasukuma kabati zito, na mwisho wa sentensi inakatika pap kama mlango umefungwa kwa hasira. Hata mimi nilimchukia yule dada kwenye rekodi. Kumbe ilikuwa simu ya sabini na kitu siku hiyo, kiyoyozi kinanipuliza usoni, na maji sijayagusa tangu asubuhi maana ukienda chooni unahesabiwa dakika.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho mwongozo wote huu umekaa juu yake. Msikilizaji anasikia hali ya mwili wako, koo kavu, pumzi fupi, shingo iliyokaza, alafu anaitafsiri kama tabia yako. Hasemi "huyu koo limekauka", anasema "huyu ana dharau". Hasemi "huyu pumzi imemuishia", anasema "huyu hajiamini". So ukitaka watu wakuelewe vizuri, usianze kuigiza sauti ya mtu mwingine, anza na hali ya mwili inayotoa hiyo sauti yako.

Na hukumu yenyewe inatoka fasta sana. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow kule Uskoti walichukua sauti za watu 64, kila mmoja anasema neno moja tu la salamu, wakawasikilizisha watu 320 na kuwauliza huyu unamuonaje, wa kuaminika, mbabe, mchangamfu na kadhalika. Neno lenyewe halifiki hata nusu sekunde, lakini wasikilizaji walikubaliana kwa kiwango kikubwa sana nani wa kuaminika na nani siyo. Angalia neno "walikubaliana", sijasema walipatia. Hilo tutalirudia mwishoni. Hata nyumbani unalijua hili, unampigia mama unasema "shikamoo" tu, neno moja, naye anakuuliza "una nini mwanangu, unaumwa?"

Haya, tuingie kazini.

Hatua ya 1: Jirekodi, alafu usisikilize siku hiyo hiyo

Unahitaji simu tu, programu ya kurekodi iliyomo humo humo inatosha. Rekodi vitu viwili. Cha kwanza soma kitu chochote kwa dakika mbili, kipande cha gazeti au hata maelekezo ya dawa. Cha pili, na hiki ndo muhimu zaidi, elezea kwa mdomo kitu kilichokutokea wiki hii kama unamuhadithia shoga yako au mshkaji wako. Wengi sauti ya kusoma na sauti ya kuongea ni watu wawili tofauti kabisa, na wanaokusikia kila siku wanaisikia hiyo ya pili. Ukiweza rekodi mara mbili, asubuhi umetoka kuamka na jioni umetoka kazini, uone siku inakufanyia nini.

Utaichukia, nakwambia mapema. Unapoongea unajisikia kwa njia mbili, kupitia hewa kama wenzako wanavyokusikia, na kupitia mifupa ya fuvu lako mwenyewe, na mifupa inapitisha vizuri zaidi ule uzito wa chini. So kichwani kwako wewe una besi la nguvu, kwenye rekodi besi halipo, unasema "hii siyo sauti yangu". Ni yako, ndo hiyo tunayoisikia sisi miaka yote na tumeizoea. Ndomana nasema ilaze mpaka kesho, ule mshtuko upungue kwanza.

Alafu mpe mtu asikilize, ila usimuulize "nina sauti nzuri?" Hilo swali ni bure, atakujibu kiheshima tu. Mtumie rafiki yako, naye amuwekee mtu asiyekujua kabisa, na swali liwe: huyu unayemsikia ana hali gani? Amechoka, amekasirika, anaogopa, ametulia? Watu watatu wanatosha. Wakisema watatu kitu kimoja, hapo ndo pa kuanzia.

Hatua ya 2: Jua sauti yako imekaa wapi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe. Ndani ya zoloto, pale kwenye kile kidude kinachopanda na kushuka ukimeza mate, kuna nyuzi mbili za sauti. Pumzi ikitoka mapafuni inazipiga zinafunguka na kufunga kwa kasi, mwanaume wa kawaida mara 100 hadi 120 hivi kwa sekunde, mwanamke karibu mara 200. Jinsi zinavyofunga ndo kunaamua sauti iwe ya aina gani.

Zisipofunga vizuri hewa inavuja katikati, sauti inakuwa ya hewa hewa, nusu kunong'ona. Wasikilizaji wanaichukulia kama upole, ukaribu, hata mahaba. Kwenye kumbembeleza mtoto ni nzuri sana. Kwenye kikao unapoomba bajeti watu wanasikia mtu ambaye hata mwenyewe haamini anachokisema.

Zikifunga kwa kugandamizana, kama mtu ananyanyua ndoo ya maji huku anaongea, hiyo ndo sauti ya kubanwa, ugonjwa wangu mimi. Inasikika ukali, nyodo, au mtu anayeficha kitu. Mara nyingi wenye nayo wala siyo wakali, ni waoga au wamechoka, shingo ndo imekaza.

Kuna ile mikwaruzo ya mwisho wa sentensi, pumzi imekuisha lakini bado unaongea, nyuzi zinapigapiga kivivu bila mpangilio, krrr, kama bodaboda inayotaka kuzima kwenye mlima. Mwaka 2014 pia kule Marekani walifanya jaribio na wasikilizaji 800, wadada wanaoongea na hiyo mikwaruzo wakaonekana hawana uwezo, hawaaminiki sana na hawafai kuajiriwa, na wanaume pia walipunguziwa maksi ila wanawake ndo walikatwa zaidi. Hao ni Wamarekani wanasikiliza Kiingereza, sikwambii Mbagala itakuwa vile vile. Ila kwa nilivyosikia mimi kwenye simu, kwetu mikwaruzo hiyo inaeleweka kama uchovu na kutojali, "huyu hata hana habari na mimi".

Alafu sauti ya puani. Hii kuna kipimo chake kizuri hakigharimu kitu. Bana pua kwa vidole vyako sema "baba atakaa hapa". Hiyo sentensi haina herufi hata moja inayopita puani, so ikisikika tofauti na ulivyokuwa haujabana basi hewa inavuja kupitia pua, kaakaa laini la nyuma halinyanyuki inavyotakiwa. Kuna na kinyume chake, pua ikiziba kabisa, yule mwenye mafua anayesema "baba" akimaanisha "mama". Wa kwanza anasikika kama analalamika hata akishukuru, wa pili anasikika mzito na mgonjwa.

Na kukwaruza kwenyewe, sauti ya zege. Hapa nataka niwe muwazi kwasababu watu wanajidharau bure. Sauti ya kukwaruza siyo sauti mbaya. Bi Kidude wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka aliyefariki 2013, aliimba na sauti iliyopasuka kama gome la mti na watu wakasimama kwa heshima, sababu pumzi ilikuwepo, maneno yalifika, na mwenyewe alikuwa ndani ya sauti yake bila wasiwasi. Kama ulizaliwa nayo ni yako, tembea nayo. Kama imekuja juzi juzi tu na zamani haukuwa nayo, hiyo ni habari nyingine, ipo hatua ya 8.

Hatua ya 3: Pumzi

Lala chali chini, kwenye mkeka, weka kitabu juu ya tumbo. Vuta pumzi kitabu kinyanyuke, kifua kisipande. Ukiona mabega ndo yanapanda, hapo ndo tatizo la nusu ya watu ninaowafundisha, wanavuta pumzi kwa mabega, shingo inakaza, na shingo ikikaza sauti inabanwa. Ukishaweza kulala, fanya ukiwa umekaa, alafu ukiwa umesimama.

Kisha toa hewa kwa "ssssss" nyembamba isiyoyumba. Hesabu. Ukifika sekunde 15 siyo mbaya, 20 nzuri, usishindane mpaka uone nyota. Unachotafuta ni ule mlio ubaki sawa mwanzo mpaka mwisho, kama mwisho unatetemeka basi na sentensi zako mwisho zinatetemeka.

Dakika tatu asubuhi, tatu jioni. Basi.

Hatua ya 4: Mrija na glasi ya maji

Kama utafanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu wote fanya hiki. Chukua mrija wa soda, glasi ya maji nusu, ingiza ncha ya mrija ndani ya maji kama sentimita mbili. Funga midomo kuuzunguka, hewa isitoke pembeni, alafu toa sauti "uuuu" kupitia mrija, maji yachemke kwa mapovu. Siyo kupuliza tu, sauti iwepo. Anza chini, panda taratibu, shuka, kama king'ora cha gari la wagonjwa ila kwa upole. Dakika mbili tatu. Mwisho wake unaweza kuimba wimbo wowote humo humo ndani ya mrija, mimi huwa naimba za kanisani.

Kinachofanyika ni kwamba lile zuio la maji linarudisha msukumo kidogo nyuma kuelekea kooni, nyuzi zinapiga bila kugandamizana. Mtu wa sauti ya kubanwa anajifunza kulegeza, mwenye sauti ya hewa anajifunza kufunga, wote kwa zoezi moja. Siyo mambo ya mtaani haya, wataalamu wa tiba ya sauti wanawapa wagonjwa wao na waimbaji wanapashia koo. Toa mrija, ongea palepale sentensi moja, utasikia imekuwa nyepesi. Nilivyofanya mara ya kwanza chooni pale kazini, na chupa ya maji na mrija wa juisi, nikarudi kwenye simu, mteja wa kwanza akanambia "asante dada una roho nzuri". Sikumsaidia kitu cha ajabu, nilimpa tu namba ya kumbukumbu.

Kama hauna mrija, piga miayo ya makusudi midomo imefungwa, alafu guna "mmmmm" kama unaonja mchuzi ukaukubali. Midomo ikiwasha washa kwa mtetemo, uko sawa.

Hatua ya 5: Tafuta mahali sauti yako inapokaa, usilazimishe besi

Najua wengi mmekuja kwa hili. Kaka zangu hasa, kila darasa yupo anayetaka sauti nzito. Na kiukweli mna sababu. Mwaka 2012 huko Marekani walirekodi watu wakisema sentensi ya kuomba kura, wakaishusha na kuipandisha kwa kompyuta, wasikilizaji wakachagua zaidi ile ya chini, ya mwanaume na ya mwanamke. Mwaka 2013 wengine wakapima sauti za wakurugenzi wakuu wanaume 792 wa makampuni ya huko huko, wenye sauti nzito wakakutwa wanaongoza makampuni makubwa zaidi. Margaret Thatcher wa Uingereza alifundishwa kushusha sauti miaka ya 1970 kabla hajawa waziri mkuu.

Sasa msikilize Nyerere. Rekodi zipo nyingi. Hotuba ya Novemba 1978 kwa wazee wa Dar es Salaam, anatangaza tunaenda kupigana na Idi Amin. Haina besi lolote la kutisha. Sauti yake ni ya kati, nyepesi, saa nyingine inapanda kabisa juu akicheka au akishangaa. Lakini imelegea, pumzi ipo, na anajua kunyamaza, anatupa neno anaacha likae, anatupa jingine. Nchi nzima iliamini. So uzito unasaidia ila kutulia kunafanya kazi kubwa zaidi, na kutulia kunafundishika wakati ukubwa wa nyuzi zako haubadiliki kwa mazoezi.

Kulazimisha besi maana yake unashusha zoloto kwa nguvu na kukaa chini kabisa ya uwezo wako, na pale chini ndo ile mikwaruzo ya bodaboda inapoishi. Nusu saa tu umechoka, na sauti haina pa kushuka tena so unaongea mstari mmoja kama jenereta.

Fanya hivi. Mtu akikuhadithia kitu na wewe unafuatilia, unasema "ehee". Ile "ehee" ya kweli ya kumwambia endelea, haujaipanga. Pale inapotokea ndo nyumbani kwa sauti yako. Sema "ehee", alafu palepale bila kubadilisha sema "ehee, naitwa fulani, nimekuja kwa ajili ya ile kazi". Rudia mara kumi. Utashangaa, wengi wakiingia kwenye intavyuu wanapanda juu ya hapo sana kwa woga, wengine wanajishusha, na kumbe sauti yao nzuri wanaitumia kwenye umbea tu.

Hatua ya 6: Malizia neno

Hii ni ya kwetu sisi wa Kiswahili. Mkazo wa neno letu uko silabi ya pili kutoka mwisho, so silabi ya mwisho kabisa kwa asili inalegea, na ukichanganya na pumzi iliyoisha inamezwa kabisa. Shida ni kwamba Kiswahili kimeweka mzigo mkubwa huko mwisho. "Analipa", "halipi", "alipe", irabu ya mwisho nayo inamwambia mtu kama deni litakuja au haliji. Ukimung'unya, msikilizaji anabaki kubahatisha, na mtu anayebahatisha haamini.

Soma aya moja kwa sauti huku umeweka kiganja mbele ya mdomo. Kila nukta, hakikisha neno la mwisho umelisikia lote, alafu nyamaza, vuta pumzi, endelea. Usiongeze nguvu mwishoni, ongeza pumzi mapema. Tofauti ni kubwa, ukiongeza nguvu unafoka, ukiongeza pumzi unasikika una uhakika.

Hatua ya 7: Simu na kelele

Laini ya simu ya kawaida inapitisha mawimbi ya kati ya 300 na 3400 hivi kwa sekunde. Kumbuka sauti ya mwanaume ni 100 na ushee, maana yake msingi wa besi lako lote haupiti, ubongo wa msikilizaji ndo unaujazia mwenyewe. Na kule juu ilikokaa mikwaruzo ya "s" na "f" nako kunakatwa. Ndomana namba zinatuchanganya, "sita" na "tisa" zina "s", "t" na irabu zile zile, zimepinduliwa tu, na kwenye simu hizo herufi ndo za kwanza kuumia. Ukitaja namba ya simu zigawe tatu tatu, nyamaza katikati, na kwenye sita na tisa punguza mwendo. Mimi nilikuwa nasema "sita, baada ya tano", "tisa, kabla ya kumi". Wateja walikuwa wanacheka lakini hela haikwenda kwa mtu mwingine.

Tabasamu. Siyo maneno ya semina tu, ukitabasamu midomo inasogea nyuma, njia ya sauti inakuwa fupi, mlio unang'aa, na imepimwa tangu 1980 kwamba watu wanaweza kulisikia tabasamu wasipoliona. Ila likiwa la meno tu siku nzima linachosha uso, mimi nilikuwa naliweka kwenye salamu na kwenye kuaga.

Kelele sasa. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, aliandika mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti bila kujua. Ndo sisi wote ndani ya daladala. Na tatizo siyo sauti kubwa peke yake, inapanda pia kwenda juu na inabana, so aliye upande wa pili, ambaye yeye yuko chumbani kumetulia, anasikia unamfokea. Ndoa ngapi zimegombana hivi sijui. Usipayuke. Sogeza maiki karibu na pembe ya mdomo, geukia ukuta, punguza mwendo, tamka herufi kwa nguvu badala ya sauti kwa nguvu. Au mwambie ukweli, "niko kwenye kelele, nikishuka nakupigia".

Hatua ya 8: Kutunza, na lini uende hospitali

Maji kidogo kidogo siku nzima. Maji hayagusi nyuzi za sauti moja kwa moja, yangegusa ungepaliwa, yanafika kupitia mwili, so kunywa lita nzima dakika tano kabla ya hotuba hakusaidii kitu. Tangawizi na asali vinapooza koo, ni vizuri, ila navyo haviendi kwenye nyuzi, usivitegemee kama dawa. Mvuke wa maji moto unaouvuta puani na mdomoni huo unafika.

Acha kukohoakohoa kusafisha koo, kila ukifanya unazigonganisha nyuzi. Meza mate au kunywa funda. Ukiwa umekaukiwa sauti usinong'one kwa nguvu, wengi wanabana zaidi wakinong'ona, bora ongea kidogo kwa sauti laini au nyamaza kabisa. Sigara inavimbisha nyuzi na sauti inakuwa nzito, kuna watu wanaipenda hiyo sauti na hawajui wanachokipenda ni uvimbe. Kiungulia cha kula saa nne usiku na kulala nacho kinachoma koo mpaka sauti ya asubuhi inakwaruza.

Walimu wangu mnaofundisha darasa la watoto mia bila maiki, nyie ni kati ya wanaoongoza kwa matatizo ya sauti, mnapata vinundu kwenye nyuzi na watu wanasema tu "mwalimu mkali". Piga makofi au gonga ubao kuwanyamazisha, sauti yako itumie kufundishia.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu na mafua hauna, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo na hospitali za rufaa wapo, wanaangalia kwa kamera ndogo dakika chache tu. Kama kuna damu, kumeza kunauma au kunakwama, kuna uvimbe shingoni, au kupumua kunapiga mluzi, usisubiri hizo wiki. Mazoezi ya mrija hayatibu uvimbe.

Hatua ya 9: Na wewe ukiwa msikilizaji

Sasa turudi kwenye lile neno "walikubaliana". Watu kukubaliana kwamba sauti fulani ni ya kuaminika siyo ushahidi kwamba mwenye sauti anaaminika. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waliojaribu kupindua serikali ya Kenya walimfuata nyumbani kwake marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio, yule wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", wakampeleka studio atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Bunduki walikuwa nazo, studio wameshaiteka, wangeweza kusoma wenyewe. Walijua Wakenya wataiamini sauti waliyoizoea, basi wakaenda kuichukua.

Matapeli wa simu wanajua hilo hilo. Yule anayekupigia "nakupigia kutoka huduma kwa wateja" haongei kama mwizi, anaongea taratibu, ametulia, pumzi ipo, mwisho wa sentensi anamalizia vizuri, yaani kafanya hatua zote nane. Na kwa upande mwingine yupo kijana kwenye intavyuu yako sauti inatetemeka maana tangu jana hajala, unamkata unasema hajiamini.

So zoezi la mwisho ni la kalamu. Mtu akikupigia anataka hela au namba ya siri, au ukiwa unamfanyia mtu intavyuu, andika kwenye karatasi maneno aliyosema, maneno matupu, kama yalivyo. Kata simu, au msubirishe nje. Yasome mwenyewe kimyakimya, bila ile sauti. "Tuma kwanza elfu ishirini ndo tufungue akaunti." Isome hivyo ilivyo kwenye karatasi, alafu ndo uamue.